Mama Mwenye Nyumba ya Chokaa

Mama Mwenye Nyumba hakupenda mtu aegemee ukuta wake. Ungeweza kuunguza sufuria yake, ukavunja kikombe, ukasahau kufunga mlango wa mbele baridi ya Januari ikaingia mpaka jikoni, naye akakusamehe kwa matusi mawili matatu ya mapenzi. Lakini uegemee ukuta wa nje ukisubiri teksi! Alifungua dirisha la ghorofani akakupigia kelele mtaa mzima wa Weston ukageuka kutazama.

"Wee! Huo ni ukuta au bega la bwanako?"

Nilipanga chumba kwake kwa miaka mingi kuliko nilivyokusudia. Nilifika Toronto kutoka Kitale na sanduku moja, kusomea uuguzi, nikajiambia kwake nitakaa muhula mmoja tu. Nikasoma, nikahitimu, nikapata kazi hospitali, na bado nikawa napanda ngazi zile zile. Sote tuliopita nyumba ile tulimwita Mama Mwenye Nyumba. Jina lake halisi tulilijua, ila tuliona halimtoshi.

Nyumba yenyewe ilikuwa imebanwa na majengo marefu ya kupangisha, si mbali na Mto Humber, na treni ya uwanja wa ndege ilipita nyuma yake ikitingisha vijiko kabatini. Rangi yake ilikuwa kama ya maziwa yaliyolala. Ilikuwa na ghorofa moja, na paa la pande nne lililolala chini na kutokeza nje pande zote kama ukingo wa kofia. Mbele palikuwa na kibaraza chenye nguzo mbili nene, na madirisha yalikuwa marefu, ya vile vioo vya kusukuma juu. Mgeni aliyeitazama kutoka barabarani alidhani ni nyumba ya mawe ya kuchongwa, maana ukuta mzima ulikuwa na mistari, jiwe juu ya jiwe, kila moja na mpaka wake.

Hapakuwa na jiwe hata moja. Ndani ya ukuta ule mlikuwa na kiunzi cha mbao, juu ya mbao fito nyembamba zilizopigiliwa misumari, na juu ya fito lipu ya chokaa na mchanga. Lipu ilipokuwa bado mbichi, fundi wa zamani aliichora mistari kwa ncha ya chuma ili ijifanye mawe. Nguzo nazo zilikuwa za mbao, tupu ndani. Na ghorofani, upande wa kushoto, palikuwa na dirisha ambalo halikuwa dirisha. Lilikuwa fremu na vioo vilivyopakwa rangi nyeusi kwa nyuma, likawekwa pale ili upande huo ulingane na wa pili. Nyuma ya dirisha hilo ndipo palipokuwa na chumba changu. Niliponung'unika kwamba sipati mwanga, Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, wewe umelala nyuma ya adabu ya Kiingereza. Nje wanakuchekea, ndani giza tupu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa na Waingereza. Aliwatukana asubuhi, mchana akawatetea. Alikuwa amefundisha michoro ya majengo katika chuo cha ufundi huko Tanga, na katika ujana wake alipelekwa kusoma kwa muda katika mji mmoja wa Uingereza. Huko walimpa kazi ya kupima jumba moja la kale lililopigwa lipu ya chokaa, kulichora kutoka kwenye msingi mpaka kwenye bomba la moshi. Alilipima kwa mikono yake, chumba kwa chumba. Alijua unene wa kila ukuta na kimo cha kila mlango. Mwenye jumba, bibi mmoja mzee, alimruhusu kupima popote, ila wakati wa chai alimtolea kikombe chake nje, kwenye ngazi za nyuma. Mama hakulisahau jumba lile, wala ngazi zile.

Miaka mingi baadaye, akiwa ameshahamia Toronto na mumewe, akifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, alikuwa ndani ya basi akaiona nyumba hii. Ni ile ile, aliniambia, imekuwa ndogo tu, kama mtoto aliyefanana na mama. Mwingereza fulani aliyekuja kufanya biashara huku zamani alijijengea mfano wa jumba la kwao. Mama alishuka kituo kisicho chake, akasimama kwenye theluji akiitazama. Ilikuwa imeachwa, madirisha yamezibwa kwa mbao. Alimwambia mumewe kwamba anaitaka hiyo na hataki nyingine, na yule mzee, dereva wa basi, mtu mpole ajabu, hakuwahi kujua kumkatalia.

"Walinipa chai nje," alikuwa akisema. "Sasa pilau langu limeshika kwenye dari yao."

Na kweli lilikuwa limeshika. Dari ya sebuleni ilikuwa na maua ya lipu katikati, majani yamejikunja kuzunguka taa, nayo yalikuwa yamegeuka rangi kidogo kwa mvuke wa bizari wa miaka yote ile. Sikukuu zote zilikuwa zikifanyiwa pale. Idi na Krismasi, watu walijaa mpaka kwenye ngazi, Watanzania na Wakenya na Wakongo, na yeye alipita katikati yao na sinia akiwaambia watoe migongo ukutani.

Mimi alinitania kwa Kiswahili changu. "Kiswahili chako kimevaa gambuti, binti. Kivue mlangoni, usinichafulie nyumba." Nikisema kitu kwa Kiingereza alijifanya kiziwi. Lakini alipozungumza na majirani wake Wareno, Kiingereza chake kilikuwa cha redio ya zamani, kila neno limepigwa pasi.

Alikuwa mkarimu kwa chakula na bahili kwa sifa. Alikuwa mkali kwa wageni na dhaifu mbele ya mtu yeyote aliyebisha hodi. Mumewe alipofariki hakulia mbele yetu, lakini mwaka ule ule kipande cha ua la dari kilipoanguka, nilimkuta ameketi chini nacho mapajani akilia kwa sauti. Nilijua hakulilia ua, nikakaa naye sakafuni mpaka akanyamaza.

Kila kiangazi aliutengeneza ukuta yeye mwenyewe. Alijifunga kanga juu ya suruali ya dengrizi, akavaa glavu, akachanganya chokaa kwenye ndoo, akapanda ngazi na mwiko mdogo, mumewe ameshika ngazi chini. Alitafuta nyufa kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mwanawe. Nilimuuliza kwa nini asiite fundi akapiga simiti mara moja, yakaisha. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mzazi.

"Chokaa ni ngozi," aliniambia. "Maji yakiingia, yanatoka. Ukuta unapumua. Simiti ni mfuko wa nailoni. Mvishe mtu nailoni mwaka mzima uone kama hataoza."

Alikuwa na ombi moja tu duniani, na alilirudia kwangu, kwa daktari wake, na kwa binti yake aliyekuwa Calgary. Alitaka kufia mle ndani. "Nitoke humu nimebebwa," alisema, "nisitoke nikitembea." Binti yake alipiga simu kila Jumapili. Alielewa Kiswahili chote, akajibu kwa Kiingereza.

"Mom, please. Just sell it. You can't climb ladders anymore."

"Nimekusikia, mwanangu. Umekula?"

"Mom."

"Nauliza umekula."

Alikuwa kweli hawezi tena kupanda ngazi. Tangu mzee afariki hapakuwa na wa kuishika, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Nilijitolea mimi, akaniambia mikono yangu ni ya kuchoma watu sindano. Nyufa zikaongezeka. Karibu na mlango wa mbele lipu ikabanduka kipande, fito zikaonekana.

Hilo halikumuuma kama ukimya. Arobaini ya mumewe ilipokwisha, watu nao walikwisha. Sisemi walikuwa wabaya. Jumuiya yetu ya Waswahili ilikuwa imepata ukumbi huko Etobicoke wenye maegesho makubwa, na sikukuu zikahamia huko. Mara ya kwanza walimpigia wamfuate kwa gari, akakataa kwa kiburi, akasema yeye ni mwenyeji, haalikwi. Mara ya pili hawakupiga. Jumamosi aliendelea kukaanga maandazi ya watu wengi, akapanga vikombe mezani, akavaa vizuri, akakaa karibu na dirisha. Jioni nilifungasha maandazi nikawapelekea wauguzi wenzangu. Waliyapenda sana. Nilikuwa nikiwatazama wakila na moyo unanikereketa.

Sasa nifike kwenye siku ya msaragambo. Hilo ndilo neno lake mwenyewe kwa kazi ya wengi, ile sisi Wakenya tunayoiita harambee. Mtu mmoja alipita akaona ile lipu iliyobanduka mlangoni, akaenda akasema ukumbini kwamba nyumba ya Mama inaanguka na sisi tunacheza muziki. Watu wakaona haya. Mwenyekiti wa jumuiya, Mkenya mwenzangu, mtu mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi, anayepata riziki yake kwa kutandika sakafu majumbani mwa watu, akasema Jumamosi ijayo wote na mikono yao.

Mimi nilikuwa zamu ya asubuhi. Nilirudi mchana nikasikia nyimbo kabla sijaiona nyumba. Magari yamejaa barabara nzima. Wanawake wamewasha majiko uani, watoto wanakimbizana kwenye nyasi wakiitana kwa Kiingereza, wanaume wamepanga mstari wakipokezana ndoo. Na ukuta wa mbele, kutoka chini mpaka kwenye madirisha, ulikuwa wa kijivu. Walikuwa wamepiga simiti, nene, safi, imenyooka. Mistari yote ya mawe ilikuwa imekwisha kufunikwa upande ule, na walikuwa wakielekea upande wa pili.

Mama alikuwa ameketi kibarazani kati ya nguzo zake, amevaa kanga mpya, mikono mapajani. Nilimwinamia sikioni.

"Mama, si ulisema simiti ni sumu? Niwaambie waache?"

"Wape chai," alisema.

"Mama, bado nusu. Tunaweza kuibandua kabla haijakauka."

"Nimesema wape chai. Na sukari iko kabati la juu."

Sikuwahi kuona uso wake vile. Nilifikiri ni hasira. Nilikwenda jikoni nikapiga sufuria juu ya jiko, nikamlaani Mwenyekiti kimoyomoyo, nikarudi na chai.

Mwenyekiti ndiye niliyeshindwa kumchukia, hata leo. Alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali imejaa vumbi, akahutubia. "Ndugu zangu, kule nyumbani, kijana akipata kazi, kitu cha kwanza anafanya ni nini? Si kununua gari! Anamtoa mama yake kwa nyumba ya udongo, anamjengea ya simiti. Ama namna gani?" Watu wakaitikia. "Sasa huyu mama ametulisha sisi wote miaka yote hii. Atakaaje kwa nyumba ya kubanduka-banduka na watoto wake tuko? Mama, wema hauozi!"

Wakapiga makofi na vigelegele. Machozi yalikuwa yakimtoka, na alisema kweli tupu kama alivyoijua. Kule tulikotoka sisi, ukuta wa simiti ndiyo heshima ya mwisho ambayo mtoto anaweza kumpa mzazi. Baba yangu mwenyewe nilimjengea. Mama Mwenye Nyumba naye akapiga makofi. Walikaa mpaka jua likazama, wakala, wakaimba, wakaegemea miti na magari, wakaahidi kurudi wakapige rangi.

Hawakurudi kupiga rangi. Majira ya baridi yaliingia, kila mtu akajifungia kwake.

Wema hauozi, lakini mbao huoza. Maji yaliingia kwa juu, penye makutano ya paa na ukuta, kama yalivyokuwa yakiingia siku zote. Safari hii hayakupata pa kutokea. Yakaganda ndani, yakayeyuka, yakaganda tena. Theluji ilipoanza kwisha, sebule ilinuka kama kikapu cha nguo zilizosahauliwa mvuani. Ukuta ulitoa jasho. Mama alizunguka na kitambaa akiufuta, asubuhi na jioni, kimya kimya, kama nimfutavyo mgonjwa wa homa. Chumbani kwangu ukungu mweusi ulipanda kutoka sakafuni. Nilianza kukohoa, nikahamisha godoro langu chini, karibu na la Mama, na nikamwomba tuite fundi aibandue simiti. Alisema tusubiri kiangazi. Nilikasirika, nikamwambia anaiua nyumba yake mwenyewe kwa ukaidi. Alisuuza kitambaa, akaendelea kuufuta ukuta.

Kisha upande wa nyuma ukapasuka, kipande kikubwa kikaanguka uani, na jirani akaogopa akaita watu wa jiji. Alikuja mkaguzi, kijana mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alizunguka nyumba na bisibisi. Alipofika kwenye ule ubao mkubwa wa chini unaobeba ukuta wote, akauchoma, bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Akaichomoa, akasogea, akachoma tena, ikaingia vile vile. Alizunguka nyumba yote hivyo, na mimi nyuma yake nikiomba Mungu apate mahali hata pamoja pagumu.

Alisimama mbele ya Mama akamweleza taratibu kwamba ukuta wa nje ndio uliobaki umesimama, na ndani yake hakuna kitu cha kuushikilia. Akamwuliza nani aliyepiga simiti ile.

"Ni mimi," alisema Mama kwa kile Kiingereza chake cha pasi. "Niliifanya mwenyewe."

Kijana alitazama magoti yale yaliyofungwa bandeji, akatazama ukuta. Alisema tu kwamba hatuwezi kuendelea kulala mle.

Binti alikuja kutoka Calgary. Alifungasha vitu akilia, na safari hii Kiswahili kilimtoka chenyewe, cha mtoto mdogo: "Pole Mama, pole Mama." Mama alishuka kutoka kibarazani kwa miguu yake, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili nimeushika mimi. Alitembea mpaka kwenye gari bila kugeuka. Nilikuwa nimeona watu wengi wakifa kazini kwangu, lakini sikuwa nimeona kitu kama kile. Kiwanja kiliuzwa. Kabla majani hayajaanza kupukutika, nyumba ilikwisha bomolewa na pakazungushiwa uzio.

Walimpatia nafasi katika nyumba ya wazee huko Etobicoke, karibu kabisa na ukumbi wa jumuiya. Binti alifikiri hilo litamsaidia, kwamba watu wakitoka ukumbini watapita kumwona. Mimi nilihamia mtaa wa Jane na Finch, nikawa naenda kumtazama kila nipatapo siku ya mapumziko.

Mara ya mwisho nilimkuta ameketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na lifti, amevaa vizuri, wanja machoni. Nilimsukuma mpaka chumbani. Chumba kilikuwa safi, cha joto, ukuta wa bodi uliopakwa rangi ya peachi. Alikuwa amepungua sana. Nilimpaka mafuta miguuni, tukaongea habari za hospitali, na alipocheka kidogo nikapata ujasiri wa kumwuliza jambo lililonikaa kooni tangu siku ile.

"Mama, ulijua. Tangu ndoo ya kwanza ulijua. Mbona hukuwazuia?"

Alivuta miguu yake kutoka mikononi mwangu.

"Nilikuwa nimesimama mlangoni," alisema. "Nikawaona wanashuka kwenye magari. Mmoja, wa pili, na watoto wao. Nikasema, nikiwaambia ukuta huu hautaki simiti, wataona aibu, watapakia vitu vyao waondoke. Nyumba ilikuwa imejaa watu, mwanangu. Nilikuwa sijaiona imejaa tangu tumzike mzee."

"Lakini uliitaka nyumba ile kuliko kitu chochote. Ulitaka kufia mle."

"Peke yangu?" akauliza. Kisha akanishika mkono kwa nguvu nisizodhani anazo. "Usiwaambie. Nisikilize. Usiwaambie kamwe kwamba ni simiti yao. Watu wema wakijua wameharibu wanakimbia. Wakijua, hawatakuja tena."

Tena! Tangu ahamie pale hakuwa amekuja mtu hata mmoja. Wahudumu waliniambia kila Jumamosi huomba asogezwe kwenye lifti. Nilitaka kupiga kelele. Nilimwahidi, nikambusu, nikashuka ngazi mbio, na nje, kwenye kituo cha basi, nikampigia simu Mwenyekiti. Nilikuwa nimeazimia kumwambia kila kitu, ahadi au si ahadi.

Alifurahi kunisikia. "Dada yangu! Umepotea sana!"

Nikamwambia nimetoka kwa Mama. Nikamwambia hali yake si nzuri, na kwamba anawaulizia, anauliza watakuja lini.

"Ah, maskini mama yetu. Mwambie tunakuja. Hii shughuli ya Krismasi ikiisha, tunapanga, tunakuja wote, na watoto. Si unajua vile watu wako busy." Akavuta pumzi. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayeuliza habari za mwanawe. "Na ile nyumba, dada? Walioinunua wanaitunza? Ule ukuta tuliupiga kwa roho safi. Mimi kila nikikumbuka ile siku, nasema angalau hicho tulimfanyia. Bado umesimama?"

Basi lilikuwa limefika, mlango umefunguliwa, dereva ananingoja.

"Umesimama, Mwenyekiti," nilisema. "Haujapasuka hata kidogo. Njooni mumwone."